Dimbwi la Mwisho

  Neno letu la leo limo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17, mistari saba ya kwanza. Mwenye Biblia karibu na afungue. Asiye nayo, habari yenyewe aijua tangu shule ya Jumapili.

Nabii Eliya amemwambia mfalme Ahabu kwamba hakutakuwa na umande wala mvua. Kisha Mungu akamficha penye kijito cha Kerithi, mashariki ya Yordani. Kunguru walimletea mkate na nyama asubuhi na jioni, na maji aliyapata kijitoni. Siku zikapita, mvua haikunyesha, na kijito kikakauka.

Juu ya kunguru wale tumehubiri sana. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia, mahubiri yangu ya kwanza ya majaribio yalikuwa juu yao, na mwalimu akanipa alama nzuri kuliko nilivyostahili. Lakini juu ya kijito sikuandika hata mstari mmoja. Kwangu mimi kijito kilikuwa kama kikombe tu: maji yamo, Eliya anywe, yakiisha aondoke aende Sarepta kwa yule mjane. Eliya alikuwa na Sarepta ya kwendea. Je, wale waliokuwa wakiishi ndani ya kijito walikwenda wapi?

Swali hilo, ndugu zangu, sikulipata vitabuni. Nililipata kandokando ya dimbwi moja dogo, siku niliyosimama na mashine ya petroli mkononi. Nitafika huko. Kwanza nataka tutembee pamoja hadi mtoni.

Sisi wa Eldoret twaishi juu ya mto bila kuutazama. Jina lenyewe la mji wetu, uliotawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, husemwa kuwa latokana na neno la Kimaasai, eldore, yaani mto wa mawe, likatiwa mkia wa Kikalenjin. Mto huo ni Sosiani. Huanzia katika misitu ya Kaptagat, juu ya ukingo wa bonde la Kerio. Vijito vya Ellegirini na Endoroto huungana penye bwawa la Two Rivers, kisha mto hupita katikati ya maduka na karakana zetu, ukaingia Kipkaren, na Kipkaren ukaingia Nzoia, hata Ziwa Viktoria. Maji ya mfereji tunayokunywa mjini hutoka huko huko, na sehemu kubwa hutoka bwawa la Chebara katika mto Moiben. Basi mama afunguaye bomba kule Langas au Huruma afungua kijito, ingawa hakioni.

Nasi tukumbuke kwamba ni mto wa mawe. Mawe hayo si takataka za mto. Ndizo nyumba zake. Inua jiwe moja lililo katika maji yaendayo kasi, uligeuze, ulitazame kwa makini. Utaona vijidudu bapa, vyenye nyuzi tatu mkiani, vikikimbia kujificha na mwanga. Utaona vingine vilivyojijengea vijumba kwa vijiti na chembe za mchanga, kama mtu achukuaye nyumba yake mgongoni. Utaona konokono, na pengine kaa mdogo wa mtoni. Kaa huyo msimdharau. Katika vijito vingi vya nyanda za juu za Kenya wataalamu wamekuta kwamba wadudu wakatao majani ni wachache, na kaa ndiye afanyaye sehemu kubwa ya kazi hiyo. Majani ya miti huanguka majini, kaa huyakata, vipande vyake huliwa na wadudu walio chini yake, wadudu huliwa na samaki, na samaki huliwa na mdiria yule mwenye mabawa ya buluu. Hakuna aliyewapangia zamu, nayo kazi haikosi kufanyika.

Sasa mvua ikikosa inakuwaje?

Hapa yafaa tutenganishe maneno mawili. Kiangazi ni kitu kimoja, ukame ni kingine. Mvua yetu ya Uasin Gishu huanza Machi au Aprili, huendelea hata Septemba, halafu kuanzia Desemba nchi hukauka. Viumbe vya mtoni vimekizoea kiangazi kama sisi tulivyouzoea usiku: hulala, vikijua kutakucha. Ukame ni usiku uliokataa kucha.

Profesa Sam Lake wa Australia, nchi iujuayo ukame sana, aliandika mwaka 2003 kwamba gharika na ukame humpiga mto kwa namna mbili zisizofanana. Gharika hupiga ngumi: kwa saa moja mawe yamepinduliwa, wadudu wamechukuliwa, kesho yake jua lawaka na kila mtu ahesabu hasara. Ukame haupigi ngumi. Ukame ni mteremko. Maji hupungua leo kidogo, kesho kidogo, wala hakuna siku ambayo mtu aweza kusema, hii ndiyo siku ulipoanza. Mwaustralia mwingine, Andrew Boulton, akaonyesha mwaka huo huo kwamba ndani ya mteremko huo mna vipandio kama vya ngazi. Maji yaweza kupungua kwa majuma mengi na usione badiliko kubwa. Kisha yanashuka kidogo tu zaidi, na jamii nzima ya viumbe yatoweka kwa mara moja.

Kipandio cha kwanza ni pale maji yanapoachana na kingo. Kwa macho yetu si jambo kubwa. Mto umeshuka shibiri moja. Lakini pale kingoni, kati ya mizizi na matete, ndipo wanapojificha watoto wa kereng'ende, konokono, na samaki wachanga. Maji yakiondoka pale wanaachwa nje, au wanasukumwa katikati mbele ya macho ya maadui wao.

Kipandio cha pili huumiza zaidi. Ni pale maji yanapoacha kupita juu ya mawe. Mnajua mahali pale mto unapoimba? Siku ile unaponyamaza, wale vijidudu wa nyuzi tatu wameingia matatani, hata kama jiwe lao bado limelowa. Wao hawatafuti hewa wala chakula. Mkondo ndio uwaleteao. Mkondo ukisimama, wengi wao hukosa pumzi wakiwa majini. Jambo hili lilinishangaza nilipolisikia. Nilidhani maji ni maji. Kumbe kwa kiumbe wa kijito, maji yaliyosimama ni kama chumba kilichofungwa madirisha kwa mtu mwenye pumu.

Kipandio cha tatu ni madimbwi. Mto uliokuwa kamba moja unakuwa shanga zilizokatika uzi. Kila dimbwi lajaa wakimbizi: samaki, kaa, viluwiluwi, wote wamesongamana, na wenye nguvu wawala wanyonge. Jua lachoma. Maji yakipata joto hayawezi kushika hewa nyingi. Chukua hesabu hii: maji ya nyuzi 10 yaweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni katika lita moja, yakifika nyuzi 20, miligramu 9, yakifika nyuzi 30, saba na nusu. Hizo ni hesabu za pwani. Huku kwetu, kwenye mita 2,100 hivi, hewa yenyewe ni nyepesi, basi toa tena zaidi ya moja ya tano. Wanariadha wetu huja kufanya mazoezi huku kwa sababu hiyo hiyo. Samaki hawakuja kwa mazoezi. Juu ya hayo majani huanguka, huoza, maji yakawa rangi ya chai, na kuoza huko kwala hewa iliyobaki. Usiku ndio mbaya zaidi, maana mimea ya majini haitoi hewa gizani. Kambare atasalia, kwa kuwa aweza kupanda juu akavuta hewa kama sisi. Wale samaki wadogo wa fedha hawana uwezo huo. Alfajiri utawakuta wamepanga midomo yao juu ya maji kama watoto dirishani.

Tena katika saa hiyo hiyo mto hupokea yale yale tunayouletea kila siku: sabuni ya kufulia, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya karakana. Mtoni mwenye maji mengi uchafu hutawanyika. Mtoni mwenye dimbwi moja hubaki palepale.

Hata hapo Muumba hakuviacha viumbe vyake bila mlango. Chini ya kokoto mna unyevu, na wadudu wachanga huchimba kuingia humo. Wengine huacha mayai yastahimiliyo ukavu. Wengine, kama kereng'ende, wakikomaa huota mabawa, wakaruka kutafuta mto mwingine, na mvua ikirudi watoto wao hurudi. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Egerton wamechunguza kwa miaka mingi mto Njoro, ushukao kutoka Mau kwenda Ziwa Nakuru, ambao sehemu yake ya chini hukauka kabisa miezi ya kiangazi, kisha maji hurudi na uhai nao hurudi. Lakini hurudi kutoka mahali. Lazima kuwe na dimbwi lililosalia, au chemchemi ya juu isiyokatika, au kokoto zenye unyevu. Hilo lililosalia ndilo mbegu. Likiondolewa hilo, mvua yaweza kunyesha mwezi mzima, nawe utakuwa na maji bila mto.

Sasa niwaeleze habari ya ile mashine.

Kanisa letu lina kipande cha shamba kando ya kijito kidogo kinachopeleka maji yake Sosiani, upande wa juu wa mji. Twalima hapo sukuma wiki na kabeji, na fedha zake hulipa karo za watoto kadhaa wasio na wazazi. Mnakumbuka ukame ulioishika nchi kuanzia mwisho wa mwaka 2020. Misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kule kaskazini na mashariki, na mifugo zaidi ya milioni mbili wakafa katika Kenya peke yake. Hao walihesabiwa. Sisi huku juu hatukupigwa kama ndugu zetu wa Turkana na Marsabit, lakini kiangazi cha mwanzo wa mwaka 2023 kilikuwa kikali. Kufikia Februari kijito chetu kilikuwa kimekatika. Likabaki dimbwi moja, chini ya mzambarau wa porini, mahali ambapo ukingo umeinama na jua halifiki. Upana wake haukuzidi upana wa chumba hiki cha kurekodia, lakini kina chake kilimpita mtu kiunoni.

Kabeji zilikuwa zimebakiza majuma matatu. Wazee wa kanisa wakakutana. Mmoja akasema ana mashine ya kuvuta maji, petroli tutachanga. Ilionekana ni jambo jema kabisa. Ni nani angetetea dimbwi mbele ya karo za yatima?

Akasimama mama mmoja mzee, mjane, ambaye sote twamwita Kogo. Akasema, "Kasisi, mwanangu, chukueni ya juu. Ya chini msiguse. Sisi wasichana wa zamani tulikuja hapa na vibuyu, mwaka wa njaa, wala hatukuruhusiwa kuingiza mguu."

Nikamjibu kwa heshima. Nikamwambia, "Kogo, asante sana, lakini mvua i karibu, na Mungu ataleta mengine." Nilisema kwa sauti ile tunayoitumia sisi makasisi tunapotaka mkutano ufungwe. Naye akaketi. Sikumwuliza kwa nini hawakuruhusiwa.

Mashine ikavuta siku mbili. Mimi nilikuwapo siku ya pili, na ndimi niliyeshika mpira ulipofika matopeni ukaanza kukoroma. Watoto walikuja mbio na mabeseni. Samaki wadogo walirukaruka kwenye tope kama mvua inyeshayo kutoka chini kwenda juu. Watoto wakashangilia, nami nikacheka nao. Kisha kijana mmoja akaniletea kaa, mkubwa kiasi cha kiganja. Alimgeuza anionyeshe tumbo. Chini ya mkia wake uliokunjwa mlikuwa na watoto, kaa wadogo kamili, wenye miguu na gando, wengi sana, kila mmoja mdogo kuliko chembe ya dengu. Kaa wa mtoni hawaachi wachanga wao wakaenda na maji kama wale wa baharini. Mama huwabeba hata wamekuwa kaa. Sikujua. Kijana akauliza, "Pasta, nimfanyeje?" Nikasema, "Mweke huko." Huko kulikuwa ni kwenye tope, na saa ilikuwa saa saba mchana.

Kabeji zilikufa. Maji ya dimbwi yalitosha siku nne.

Mvua ilianza mwisho wa Machi. Kijito kikajaa, kikaimba kama zamani, nami Jumapili hiyo nikahubiri juu ya uaminifu wa Mungu. Kogo alikuwa kiti cha mbele. Hakusema neno.

Mwezi Mei akaja mgeni, mwalimu wa mambo ya samaki, akaomba kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili jinsi ya kuupima mto kwa kutazama wadudu. Ni njia iliyotoka Afrika Kusini, iitwayo miniSASS. Haihitaji maabara, yataka wavu, beseni jeupe, na subira. Wadudu wamepangwa katika makundi 13, na kila kundi lina alama zake: wale wapendao maji safi wana alama nyingi, wale wavumilivu wa uchafu alama chache. Watoto wakapima kijito chetu. Kisha wakapima kijito cha jirani, ng'ambo ya kilima, ambacho nacho kilikatika Februari ile ile, lakini wenyewe waliyaacha madimbwi mawili, ng'ombe wakinyweshwa kwa ndoo.

Kwa jirani, chini ya kila jiwe kulikuwa na mtu nyumbani. Wale wa nyuzi tatu, wale wa vijumba vya mchanga, watoto wa kereng'ende, na kaa. Kwetu beseni lilikuwa na viluwiluwi vyekundu, vile ambavyo damu yao huweza kushika hewa hata penye matope, na vile vya mbu. Vya mbu vilikuwa vingi. Mwalimu akatueleza kwamba si ajabu. Wamarekani wawili, Chase na Knight, walionyesha mwaka 2003 kwamba madimbwi yaliyozoea kuwa na maji yakikaushwa na ukame, mwaka unaofuata hutoa mbu wengi mno. Wale waliokuwa wakiwala mbu wamekufa, na mbu ni mwepesi kurudi kuliko adui yake. Msichana mmoja wa miaka 10 hivi akauliza mbele ya watu wote, "Kwa nini kwetu hakuna kitu, na mvua ni moja?" Mwalimu akanitazama mimi. Yeye hakujua habari za mashine.

Ndipo nilipokwenda kwa Kogo. Niliketi jikoni kwake, akanipa mursik, nikamwuliza lile nililopaswa kuuliza Februari. Akasema tu, "Ile ilikuwa mama ya mto. Mtu hali mama."

Njiani nikirudi nikakumbuka sheria moja ndogo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 6 na wa 7. Ni sheria juu ya kiota cha ndege. Ukikuta ndege njiani ameatamia, waweza kuchukua makinda, lakini mama usimchukue. Mwache aende zake, upate heri na siku nyingi. Nilipokuwa chuoni tulipita juu ya mistari hiyo upesi sana, tukienda kwenye mambo makubwa. Lakini angalieni jinsi ilivyo ya busara. Haisemi usile. Mungu ajua watu wana njaa. Yasema chukua, lakini usichukue kile ambacho kitaleta vingine. Na Ezekieli sura ya 34, mstari wa 18, ni mkali zaidi: huwauliza kondoo wanono kama si kitu kidogo kwao kunywa maji yaliyo safi kisha kuyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao. Mimi nilikuwa nimekunywa, nimevuruga, tena nimetumia mashine.

Msidhani ni sisi peke yetu. Kule Tanzania, Ruaha Mkuu ulikuwa mto usiokauka. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, majuma au miezi, na viboko husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia. Kiangazi kilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezeka ni maji yanayochukuliwa kule juu, bonde la Usangu, kwa mashamba ya mpunga na mahitaji mengine. Wakulima wale si watu wabaya. Wana karo za kulipa, kama sisi.

Hata serikali yetu imelijua jambo hili. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataja akiba, yaani kiasi cha maji kisichogawiwa mwenye shamba wala mwenye kiwanda, kwa sababu ni cha mahitaji ya lazima ya watu na cha kuhifadhi viumbe vya majini. Na mtu avutaye maji mtoni kwa mashine hutakiwa kuwa na kibali. Sisi hatukuwa nacho. Hakuna aliyetuuliza, nasi tulijiona wema mno kujiuliza.

Katika mkutano wa wazee uliofuata nilikiri mbele yao, na Jumapili nikakiri mbele ya kanisa, nikimtaja Kogo kwa heshima aliyostahili. Si wote waliofurahi. Mzee mwenye mashine aliona nimemwaibisha, akakaa miezi mitatu bila kushiriki Meza ya Bwana, na upatanisho wetu haukuwa kazi ya siku moja. Mwingine aliniambia wazi, "Kasisi, watoto wanafukuzwa shuleni, nawe wahubiri juu ya kaa." Sikumlaumu. Neno lake lina haki ndani yake, na mpaka leo sina jibu linalomtosheleza. Jibu tulilopata ni la mikono: tulinunua matangi mawili, tukayaweka chini ya mabati ya kanisa, na paa lile tulilokuwa tukilipaka rangi kila Krismasi likaanza kutupa maji. Hayatoshi kabeji zote. Twalima nusu ya shamba wakati wa kiangazi, na Umoja wa Akina Mama huuza maandazi kufidia pengo. Mikaratusi miwili iliyokuwa imepandwa kando ya chemchemi tumeikata, tukapanda miti ya kienyeji. Na pale dimbwini tumetia jiwe lenye alama ya rangi nyeupe. Maji yakiwa juu ya alama, chota. Yakifika alama, ndoo haiingii, wala mguu, wala ng'ombe. Kogo ndiye aliyetuonyesha mahali pa kulitia.

Watoto wa shule ya Jumapili hupima mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023 zilitusaidia. Wale wa nyuzi tatu walirudi mwaka uliofuata, wachache kwanza, kisha wengi. Bila shaka mama zao waliruka kutoka kwa jirani. Wa vijumba vya mchanga walichukua muda zaidi. Mbu wamepungua, kwa maana kereng'ende wamerudi. Samaki wadogo tuliwaona mara ya kwanza baada ya mafuriko, wamepanda kutoka chini.

Kaa hana mabawa. Lazima atembee. Kutoka kwa jirani hadi kwetu kuna kilima, barabara ya lami, na mbwa. Watoto wamekwisha niuliza kama wanaweza kumchukua mmoja kwa ndoo wakamlete, na yule mwalimu wa samaki amesema tungoje kwanza tuone kama dimbwi litashikilia maji yake kiangazi kimoja zaidi. Basi twangoja. Kila wanapogeuza jiwe, yule msichana, ambaye sasa ni mrefu karibu kama mimi, huniita na kusema, "Bado, Pasta."

Bwana awe nanyi nyote.